SOMO LA REDIO: Barua Zimevuka, Mipangilio Imebaki Ng'ambo

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mmoja anasikia, na wale waliokaa nyuma wasogee karibu na redio. Wenye nakala hii iliyopigwa chapa waiweke mbele yao na kufuata mstari kwa mstari, kwa sababu leo yamo majina machache ya kigeni ambayo yafaa uyaone kwa macho, usiyasikie kwa masikio tu.

Leo twataka kuzungumza juu ya kompyuta ya kuandikia, na hasa juu ya hasara moja inayowapata watu wengi siku wanapotia programu mpya mahali pa ile ya zamani. Barua zao husalimika. Lakini ile namna waliyoipanga mashine iwatumikie hupotea, na wao hawajui imepotelea wapi.

Nitaanzia Kigongo. Wengi wenu mwapajua, pale wilaya ya Misungwi, ukingoni mwa Ghuba ya Mwanza, unapotazama Busisi ng'ambo ya maji. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kwenda Sengerema au Geita kwa njia hiyo alingoja kivuko. Alikaa foleni, akanywa chai, akanunua samaki, na kama alikuwa na karatasi ya kutoa kopi alikwenda kuitoa huku akitupia jicho gati. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, kutoka Kigongo mpaka Busisi. Sasa gari hupita moja kwa moja. Ni jambo jema, nani atakataa? Mgonjwa anayepelekwa Bugando usiku wa manane hangoji tena kivuko. Lakini fikiri juu ya mama muuza chai aliyejua saa ya kila kivuko, na aliyewasha meko yake kwa saa hizo. Njia ni ileile na abiria ni walewale. Utaratibu wake yeye ndio haukuvuka pamoja nao.

Ishike picha hiyo kichwani, sasa twende kwenye kompyuta.

Tuseme yuko bibi mmoja hapo Kigongo mwenye duka dogo la steshenari. Ana kompyuta moja na printa moja. Huwapigia watu barua za kuomba kazi, mikataba ya kuuziana mashamba, mihtasari ya vikao vya kijiji, na mitihani ya shule. Programu yake ya kuandikia ni Word ya zamani, na ameitumia miaka kumi. Katika miaka hiyo ameifundisha mengi bila hata kujua kwamba anaifundisha.

Jambo kubwa alilolifundisha ni majina. Programu iliyopangwa kwa Kiingereza huona karibu kila neno la Kiswahili kuwa ni kosa, na hulipigia mstari mwekundu chini. Alipoandika "mwenyekiti", mstari mwekundu. Alipoandika "Busisi", mstari mwekundu. Alipoandika "Nyang'hwale", ndiyo kabisa. Basi kila mara bibi huyu alibonyeza upande wa kulia wa mausi juu ya neno lile, akachagua maneno Add to Dictionary, yaani "ongeza katika kamusi". Jina moja leo, jina jingine kesho: majina ya vijiji, majina ya wateja, majina ya Kisukuma yenye ng' na h katikati ambayo hata mtu mwenyewe wakati mwingine huyaandika kwa namna mbili. Baada ya miaka kadhaa ukurasa wake ulikuwa safi. Mstari mwekundu ulipotokea, ulikuwa na habari ya kumwambia: mama, tazama hapa, umekosea.

Kadhalika alikuwa na vifupisho. Akiandika herufi tatu tu, "mkz", mashine ilizigeuza yenyewe kuwa "Mkataba wa mauziano ya shamba". Kazi hiyo hufanywa na sehemu ya Word inayoitwa AutoCorrect. Tena aliiagiza programu kwamba karatasi yake ni A4, pambizo ni kadha wa kadha, na mwandiko ni ule anaoupenda. Haya yote aliyafanya mara moja zamani, akayasahau, kama mtu anavyosahau siku alipotia bawaba mlango wake.

Ikafika Oktoba 2025. Tarehe 14 ya mwezi huo kampuni ya Microsoft ilikoma kuzitunza kwa kawaida programu zake za Windows 10, Office 2016 na Office 2019. Kukoma kutunza hakuna maana kwamba mashine ilizimika. Maana yake ni kwamba matundu ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena kama yalivyokuwa yakizibwa. Basi watu wengi walipeleka kompyuta zao kwa fundi, na bibi yetu naye akapeleka yake.

Fundi akamwuliza, "Mama, kuna kitu cha kuhifadhi kabla sijafuta?"

Bibi akajibu, "Barua zangu zote, mwanangu. Na mikataba. Usinipotezee mikataba ya watu."

"Usiwe na wasiwasi, mama."

Naye alisema kweli. Alichukua kila kilichokuwa katika folda ya Documents na kila kilichokuwa juu ya meza ya skrini, akakitia katika flashi. Kisha akafuta diski, akatia Windows mpya na Word mpya, akarudisha barua zote mahali pake. Hakuibiwa mtu wala hakudanganywa mtu. Bibi alihesabu mikataba yake, akaikuta yote, akalipa, akaenda nyumbani amefurahi.

Asubuhi ya pili wakaja wateja wawili kuandikiana mkataba wa shamba. Bibi akaandika "mkz", na "mkz" ikabaki "mkz". Akaandika majina, ukurasa ukawa mwekundu kama mtu aliyekwaruzwa na miiba. Akaandika hivyo hivyo, maana wateja wana haraka. Mkataba uliokuwa ukienea ukurasa mmoja ukafika wa pili, na mteja akauliza kwa nini leo analipia kurasa mbili. Akabonyeza ili uchapwe, na printa ikasimama ikimulika taa, ikidai karatasi ya Letter ambayo dukani hakuna.

Hayo ya printa na kurasa ni usumbufu tu, na nitayaeleza kwa kifupi. Letter ni karatasi ya Kimarekani, milimita 216 kwa 279. A4 yetu ni milimita 210 kwa 297. Programu iliyotiwa kwa mipango ya Kimarekani hudhani karatasi yako ni ile yao. Na juu ya kurasa kuongezeka: Word ya 2003 ilikuja na mwandiko wa Times New Roman, mistari ikiwa imekaribiana. Kuanzia Word ya 2007 ukaja mwandiko wa Calibri na nafasi zaidi kati ya mistari na kati ya aya. Matoleo ya karibuni ya Word yana mwandiko mwingine tena, unaoitwa Aptos. Kwa hiyo maneno yaleyale hushika nafasi tofauti.

Lakini ile mistari myekundu ni hatari ya kweli. Tazama vizuri. Bibi alipokuwa na kamusi yake, kosa moja katika jina la muuzaji lingepigiwa mstari peke yake katika ukurasa mweupe, na jicho lingeliona mara moja. Sasa kila neno lina mstari. Jina lililokosewa halitofautiani na jina sahihi. Herufi moja ikizidi au ikipungua, wateja watatia sahihi, mashahidi watatia sahihi, na kila mtu atakwenda zake. Miaka mitano baadaye mtu atapeleka mkataba ule barazani, na jina lililomo halitalingana na jina la kitambulisho chake cha taifa. Hapo ndipo utakapoona kwamba kamusi ya bibi haikuwa pambo.

Labda utauliza, ndugu msomaji: ikiwa barua zote zilihamishwa, kwa nini kamusi haikuhamishwa?

Wale wenu mlioona taipureta mtaelewa upesi. Mpiga taipu alikuwa na vitu viwili. Kimoja ni karatasi aliyoipiga, ambayo aliichomoa na kuitia jaladani. Cha pili ni mashine yenyewe, ambayo ilikuwa na vibanio vya pambizo na vituo vya safu vilivyowekwa kwa mkono wake. Ukimletea taipureta nyingine, karatasi zake zote zimo jaladani bado, lakini vibanio vya mashine mpya viko pale alipoviacha mwenye kiwanda. Hakuna aliyetazamia karatasi zikumbuke vibanio.

Kompyuta ni hivyo hivyo, ila vibanio vyake havionekani. Vimeandikwa katika mafaili madogo, na mafaili hayo hayakai pamoja na barua zako. Yanakaa katika folda inayoitwa AppData, ambayo Windows huificha kwa makusudi ili mtu asiiharibu kwa bahati mbaya. Kwa maoni yangu ufichaji huo umeleta hasara nyingi kuliko ulivyozuia, maana mtu hawezi kuokoa kitu asichojua kwamba kipo. Fundi wa bibi alichukua kilichoonekana.

Sasa chukueni kalamu, tuyaandike majina ya mafaili hayo.

La kwanza ni Normal.dotm. Hili ndilo kiolezo, yaani umbo ambalo Word hulitazama kila unapofungua ukurasa mtupu. Ndani yake yamo mwandiko wako, pambizo zako, ukubwa wa karatasi yako, na zile amri za mkato ambazo wataalamu huziita makro. Word ikilikosa faili hili haitalia wala haitakuonya. Itatengeneza jingine jipya, la kiwandani, na kuendelea kana kwamba hujawahi kuwa na lako.

La pili ni CUSTOM.DIC. Hii ndiyo kamusi ya bibi. Ukiifungua kwa programu ndogo ya Notepad utaona maneno tu, neno moja kila mstari. Miaka kumi ya majina imo katika faili dogo ambalo flashi haliwezi hata kulihisi uzito.

La tatu ni faili linaloishia na herufi acl, na jina lake huanza na MSO na namba. Namba 1033 ni ya Kiingereza cha Marekani, 2057 ni ya Kiingereza cha Uingereza. Humo ndimo vilimokaa vile vifupisho.

Bado liko jambo moja la kuelewa, maana mtu anaweza kusema: mimi sikufutiwa diski, nilitia toleo jipya juu ya lile la zamani, na bado baadhi ya mipango yangu ilipotea. Naam, hutokea. Baadhi ya chaguo zako Word huziandika katika daftari la ndani la Windows, na kila toleo lina chumba chake chenye namba. Word ya 2003 ilikaa chumba namba 11. Ya 2007, namba 12. Ya 2010, namba 14. Namba 13 ilirukwa. Ya 2013, namba 15, na ya 2016, namba 16. Toleo jipya linapoingia hufungua chumba chake, na pengine huchungulia chumba cha zamani na kubeba vyombo vichache, si vyote. Toleo la 2019 na la 2021 yaliingia katika chumba kilekile cha 16, na ndiyo sababu waliotoka 2016 kwenda 2019 juu ya mashine ileile hawakulalamika sana. Waliotoka 2003 kwenda 2007 ndio walioona cha mtema kuni. Menyu zote walizozizoea ziliondolewa, ukawekwa utepe mpana juu ya skrini, na vitufe walivyojipangia wenyewe vikasukumwa kwenye pembe moja iitwayo Add-Ins.

Wala jambo hili si la Word peke yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili, iliyotokana na OpenOffice inayotolewa bure. OpenOffice nayo ilikuwa na tabia hiyo ya vyumba. Toleo la 2, lililotoka mwaka 2005, lilijifungulia folda yake mpya yenye namba 2, na toleo la 3 likajifungulia folda ya 3. Mtoto wake LibreOffice, aliyezaliwa mwaka 2010, alianza na folda ya 3, akahamia folda ya 4 mwaka 2013, kisha akatulia humo. Leo matoleo yamepita 5, 6, na 7, na tangu 2024 yanahesabiwa kwa mwaka, lakini folda bado inaitwa 4. Usistaajabu ukiiona.

Basi twende kwenye kazi yenyewe. Kabla hujampa fundi kompyuta yako, au kabla hujatia toleo jipya mwenyewe, funga Word kwanza. Hili ni muhimu, kwa maana Word huandika katika Normal.dotm wakati inapofungwa, na ukilinakili ikiwa wazi huenda ukapata nusu. Kisha shika kitufe chenye alama ya dirisha, na huku umekishika bonyeza herufi R. Kitatokea kisanduku kidogo. Andika humo %appdata% yaani alama ya asilimia, neno appdata, na alama ya asilimia tena, bila nafasi. Bonyeza Enter. Ile folda iliyofichwa itafunguka mbele yako bila ya kuhitaji ufundi wowote.

Ingia katika folda ya Microsoft. Ndani yake utaona Templates, ambamo mna Normal.dotm. Utaona UProof, ambamo mna kamusi. Utaona Office, ambamo mna faili la vifupisho. Nakili folda hizo tatu nzima nzima katika flashi, uandike tarehe. Kama unatumia LibreOffice, rudi nyuma hadi pale mwanzo, uchukue folda ya LibreOffice yote. Kwa vitufe ulivyojipangia juu ya skrini, Word ya 2010 na zilizofuata zina njia nyingine: fungua File, kisha Options, kisha Customize Ribbon, na chini kabisa utaona neno Export, litakalokutengenezea faili la kuhifadhi.

Kurudisha ni vilevile kwa kinyume. Tia Word mpya, ifungue mara moja, ifunge, kisha weka mafaili yako mahali pa yale mapya. Yale mapya usiyafute. Yabadilishe majina tu, ili mambo yakienda kombo upate pa kurudia. Tena usikubali kupewa Normal.dotm ya mtu mwingine. Mwaka 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilienea duniani kikijificha katika kiolezo hicho hicho, na kila barua iliyoandikwa kwenye mashine ile ikatoka na ugonjwa. Yako unaijua ilikotoka.

Na bibi wetu, ambaye amekwisha kupoteza? Ikiwa fundi alitia Windows mpya bila kufuta diski, basi ile ya zamani huwekwa kando katika folda iitwayo Windows.old, na ndani yake kila kitu kimo, hata AppData. Lakini Windows ikitiwa toleo jipya kwa njia ya kawaida, folda hiyo hufutwa yenyewe baada ya siku 10. Kwa hiyo mtu asingoje mwisho wa mwezi. Diski ikiwa imefutwa kweli, mlango huo umefungwa. Hata hivyo mikataba yake ya zamani imebeba kitu. Kila barua hutunza ndani yake ukubwa wa karatasi, pambizo na mwandiko ulioandikiwa. Afungue mkataba mmoja mzuri wa zamani, afute majina ya watu, auhifadhi kama kiolezo, na ule umbo wake utarudi siku hiyohiyo. Kamusi tu ndiyo haimo katika barua. Hiyo itambidi aianze upya, jina kwa jina, na hata itakapojaa tena, asome kila jina kwa sauti mbele ya mwenye jina, akiwa na kitambulisho mkononi, kabla ya mtu kutia sahihi.

Kazi ya darasa. Mwalimu, wagawe wanafunzi wawili wawili. Kila wawili waandike katika daftari majina ya yale mafaili matatu na kazi ya kila moja, bila kutazama nakala. Kisha mmoja awe fundi na mwingine awe mwenye kompyuta, na fundi aulize, "Kuna kitu cha kuhifadhi?" Mwenye kompyuta ajibu kwa ukamilifu. Darasa likiwa karibu na duka lenye kompyuta, mwombeni mwenye duka mwandike pamoja ile %appdata% na kuitazama kamusi yake ina maneno mangapi.